Mwizi wa kiti cha baiskeli hulishwa na mnunuzi

Jumamosi moja jioni niliiegemeza baiskeli yangu kwenye nguzo ya umeme nje ya duka moja la rejareja katika mtaa wa Kabiro, upande ule unaopakana na Kawangware, nikaingia kununua unga na majani chai. Nilikuwa nimelifunga gurudumu la mbele kwa mnyororo na kufuli, nikajiona mtu mwenye hadhari. Sikukaa dukani zaidi ya dakika kumi. Nilipotoka, baiskeli ilikuwa pale pale, mnyororo pale pale na kufuli pale pale. Kilichokosekana ni kiti.

Mwizi hakuvunja chochote wala hakuhitaji hata spana. Alikuwa ameufungua mkono mdogo wa chuma ulioikaza nguzo ya kiti kwenye fremu, akakichomoa kiti pamoja na nguzo yake kama mtu ang'oaye muhogo, akaenda zake. Niliikokota baiskeli hadi nyumbani huku watoto wa njiani wakiniuliza, "Mwalimu, leo utakalia nini?" Nilicheka pamoja nao, kwani kicheko hakikunigharimu kitu.

Majirani waliokuja kunipa pole walitumia neno moja: "Pole mwalimu, tumesikia kiti kimepotea." Asubuhi yake nilikwenda kwa fundi mmoja wa baiskeli, naye pia akasema vivyo hivyo, kisha akaongeza: "Rudi kesho, nitakutafutia kingine." Kesho yake kiti kilikuwepo. Kilikuwa kikuukuu lakini imara, na bei yake haikufika nusu ya bei ya kiti kipya. Nilitoa pesa bila kuuliza swali hata moja. Nikapanda, nikaondoka nikiwa mtu mwenye furaha. Nyumbani niliulizwa nimekitoa wapi, nami nikajibu: "Nimepata kwa fundi."

Wiki mbili baadaye nilisimama karibu na lango la jumba moja la makazi, ng'ambo ya pili ya mtaa, kumsubiri rafiki. Bawabu wa pale, mzee wa makamo ninayemfahamu kwa kuamkiana tu, alikitazama kiti changu kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi. Kisha akaniuliza kwa adabu kubwa:

"Mwalimu, naomba uniwie radhi. Hiki kiti umekitoa wapi?"

Nilimwambia. Akaniomba ruhusa, akainama, akakitazama kwa chini. Ngozi ya kiti hicho ilikuwa imechanika upande mmoja, na mtu alikuwa ameishona kwa uzi wa kijani kibichi.

"Mshono huu ni wa mke wangu," alisema.

Hakunishika shati. Hakupiga kelele. Alinieleza tu kwamba kiti kilikuwa kimechomolewa usiku nje ya chumba chake. Kwamba tangu siku ile amekuwa akitembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi. Kwamba amechelewa mara tatu zamu ya asubuhi, na kila kuchelewa kumekatwa katika mshahara wake. Nilijaribu kupiga hesabu nikiwa nimesimama pale. Pesa alizokatwa zilizidi zile nilizolipa. Kwa maneno mengine, kile nilichokiita bei nafuu kilikuwa kimelipiwa na mtu mwingine ambaye hakuulizwa.

Nilimrudishia kiti chake, nikaikokota baiskeli tena hadi nyumbani. Mara hii watoto walipocheka sikuweza kucheka nao.

Msomaji mpendwa, huenda ukaniona ninalikuza jambo dogo. Nchi ina mambo mazito: karo, bei ya unga, kazi zisizopatikana. Kiti cha baiskeli ni nini mbele ya hayo? Jibu langu ni kwamba kwa watu wengi wa Kabiro, Gatina, Kawangware na Kibera, kiti cha baiskeli ni sehemu ya hayo hayo. Nenda ukasimame kando ya Ngong Road au Naivasha Road alfajiri, utawaona: mabawabu, mafundi wa ujenzi, wachuuzi wa mkate na maziwa, watunza bustani wanaoelekea Lavington na Kilimani. Wengi hutembea kwa miguu. Mwenye baiskeli huwa ameokoa nauli ya kwenda na kurudi, na nauli hiyo ndiyo inayonunua kibaba cha jioni. Ukimwondolea kiti hujamwondolea starehe; umemrudisha katika kundi la watembea kwa miguu, au umempeleka kwenye matatu kwa pesa ambazo hakuzipangia kazi hiyo.

Aidha, kiti kina bahati mbaya ya kuwa kipande chepesi kuliko vyote kuibwa. Baiskeli zetu za zamani, zile nzito tulizoziita Black Mamba, zilifungwa kwa nati kila mahali. Kung'oa kiti chake kulihitaji spana ya saizi yake na muda wa kutosha mwenyewe kutokea. Baiskeli nyingi za mitumba zinazoletwa siku hizi kutoka ng'ambo zina ule mkono wa kufungulia kwa haraka. Kifaa hicho kilipata umaarufu kupitia Tullio Campagnolo, Mwitaliano aliyekuwa mwendesha baiskeli wa mashindano, ili mshindani aweze kubadilisha gurudumu bila kupoteza muda. Ni uvumbuzi mzuri kwa aliye mbioni. Lakini kwa anayeegesha baiskeli yake sokoni, ni mlango ulioachwa na ufunguo wake nje.

Basi nikaanza kujiuliza mwizi wa kiti hufanya nini na kiti. Hawezi kukila. Hana baiskeli ishirini za kuvikalisha viti ishirini. Huiba kwa sababu anajua kwamba kabla ya jua kutua kesho kutwa atakuwa amepatikana mtu kama mimi, mwenye baiskeli isiyo na kiti, mwenye haraka, asiyeuliza. Tena mtu huyo amemtengeneza yeye mwenyewe, kwa kumwibia. Huu ndio mzunguko: aliyeibiwa leo ni mteja wa kesho, na pesa yake ndiyo ujira wa wizi wa kesho kutwa. Viti havizidi wala havipungui mtaani. Vinahama tu kutoka baiskeli hadi baiskeli, na katika kila hatua mwizi anapokea ushuru wake.

Sheria yetu ililiona jambo hili zamani. Katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 275 kinaweka adhabu ya jumla ya wizi kuwa kifungo kisichozidi miaka 3. Lakini kifungu cha 322, kinachohusu kupokea mali ya wizi, kinamtishia mpokeaji kwa kifungo cha hadi miaka 14. Wanafunzi wangu niliowasomea vifungu hivyo walidhani nimekosea kusoma. Sikukosea. Waliotunga sheria walifahamu kwamba mwizi asiye na soko ataiba mara moja na kuchoka, ilhali soko lisilokosa mnunuzi litazaa wezi kila siku. Tena sheria haisemi tu juu ya anayejua kwamba mali ni ya wizi. Inamgusa pia aliyekuwa na sababu ya kuamini hivyo. Nami nilikuwa na sababu gani zaidi ya kuambiwa "rudi kesho" na kukikuta kiti kesho?

Kazi yangu ni isimu, na mtu wa isimu hafiki mbali kabla ya kuyarudia maneno. Nimelitafakari sana lile neno la majirani, "kimepotea". Kitenzi hiki hakimtaji mtu. Kitu kikipotea, ni kana kwamba chenyewe kimeshika njia kikaenda. Kiswahili kina kauli bora kuliko hiyo. Kutokana na "iba" tunapata "ibia", na kutokana na "ibia" tunapata "ibiwa". Tusemapo "kiti kimeibwa" tunaeleza lililokisibu kiti. Tusemapo "bawabu ameibiwa kiti" tunamweka binadamu mwanzoni mwa sentensi, yeye na hasara yake. Lugha yenyewe inatufundisha kwamba wizi humtendekea mtu, wala si chuma.

Neno la pili ni langu mwenyewe: "nimepata". Tunalitumia kwa kila kitu chenye asili ya kutilia shaka. Mtu hasemi "nimenunua kiti kwa fulani, aliyekinunua kwa fulani". Husema "nimepata kiti", kama aliyeokota uyoga baada ya mvua. Katika "kupotea" mwizi ametoweka. Katika "kupata" mnunuzi ametoweka. Baina ya vitenzi hivi viwili biashara nzima imepita, na hakuna hata mtu mmoja aliyeonekana ndani yake. Sidai kwamba lugha ndiyo inayoiba. Nasema kwamba tumeipa kazi ya kutuficha.

Neno la tatu ndilo la kuogofya zaidi: "Mwizi!" Nimeshawahi kulisikia likipigwa katika vichochoro vyetu. Ni nomino tupu, isiyo na kitenzi wala ushahidi, lakini ndani yake mna mashtaka, hukumu na adhabu. Likisikika, watu hutoka na mawe na matairi. Vijana wamepoteza maisha nchini humu kwa tuhuma za vitu ambavyo thamani yake haitoshi kununua chakula cha siku moja. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 26, inasema kila mtu ana haki ya kuishi. Na katika kifungu cha 50 inasema mshtakiwa achukuliwe kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine. Nikumbukapo makundi hayo huwaza jambo moja: wangapi kati ya wale wanaobeba mawe walikuja wakiwa wamekalia viti ambavyo hawajui vilitoka wapi? Laiti bawabu yule angelipiga ukelele badala ya kuniomba ruhusa ya kuinama, ni nani angesubiri nieleze habari za fundi?

Kuna filamu moja ambayo ningependa walimu wa shule za sekondari waionyeshe wanafunzi wao. Mwaka wa 1948 Vittorio De Sica wa Italia alitoa "Ladri di biciclette", yaani wezi wa baiskeli. Ni kisa cha baba mmoja mjini Rome, katika ufukara uliofuata Vita Vikuu vya Pili. Anapata kazi ya kubandika mabango, kazi isiyowezekana bila baiskeli. Mkewe anapeleka mashuka ya nyumbani rehani ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza kazini, baiskeli inaibwa. Baba na mwanawe mdogo wanakwenda kuitafuta sokoni, na hapo ndipo msomaji wa Kabiro atakapojiona nyumbani: hawaitafuti baiskeli nzima, kwa maana wanajua kwamba imekwisha vunjwavunjwa. Wanatafuta fremu kwa muuzaji mmoja, magurudumu kwa mwingine, pampu na kengele kwingineko. Wanaposhuku fremu moja wanamwita askari, na kinachoamua ni nambari iliyochongwa juu yake. Mwishoni baba, akiwa amekata tamaa, anajaribu kuiba baiskeli ya mtu mwingine na kukamatwa mbele ya macho ya mtoto wake. Kinachomwokoa ni mwenye baiskeli, ambaye anamtazama yule mtoto na kuamua kumwachilia.

Naam, huo ndio mzunguko wetu, umeelezwa miaka mingi iliyopita katika mji wa mbali. Aliyeibiwa anasukumwa kuwa mwizi. Sisi tumepata njia ya mkato tu: hatuibi kwa mikono yetu, tunanunua.

Je, tufanye nini? Yapo mambo madogo ambayo kila mwenye baiskeli anaweza kuyafanya kwa gharama isiyomtisha mtu.

Kwanza, mwondoleeni mwizi urahisi. Ule mkono wa kufungulia haraka utolewe, na mahali pake itiwe boliti yenye nati. Kwa baiskeli zenye skrubu za tundu la pembe sita, mafundi wajanja huingiza gololi ndogo ndani ya tundu na kuikazia kwa nta, ili ufunguo usiingie mpaka mwenyewe aichokoe. Chukueni pia kipande cha cheni kuukuu ya baiskeli, mkipitishe ndani ya kipande cha tyubu ili kisikwaruze rangi, mkizungushe kwenye vyuma vya chini ya kiti na kwenye fremu, kisha mkaunge ncha zake kwa kifaa cha kufungia cheni. Hakihitaji kufuli, na mwizi hakifungui kwa mikono mitupu. Mnyororo wenye kufuli nao upite katika fremu na gurudumu la nyuma pamoja, na ushikane na kitu kisichong'oka. Kufunga gurudumu la mbele peke yake, kama nilivyofanya mimi, ni kumwachia mwizi baiskeli yote iliyobaki. Na palipo na mashaka, chomoeni kiti mwingie nacho dukani. Afadhali kuchekwa mkiwa na kiti mkononi kuliko kuchekwa bila kiti.

Pili, tieni alama. Kila baiskeli ina nambari, aghalabu imechongwa upande wa chini wa fremu, pale ekseli ya pedeli inapopita. Igeuzeni, muisome, muiandike, muipige picha. Kiti hakina nambari, kwa hiyo kipeni: chongeni herufi za majina yenu kwa msumari kwenye chuma chake cha chini, na kwenye nguzo yake sehemu inayoingia ndani ya fremu. Risiti msitupe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kiti cha yule bawabu hakikurudi kwa sababu ya askari wala kundi la mawe. Kilirudi kwa sababu ya uzi wa kijani. Huo ndio uliokuwa daftari lake.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tuulize. Yeyote anunuaye kipuri kilichotumika aulize kimetoka wapi, na adai karatasi yenye jina la muuzaji, tarehe na alama za kitu. Mafundi wetu, ambao wengi ni watu waaminifu wanaochafuliwa jina na wachache, wawe na daftari la kuandika kila kipuri wanachokinunua na aliyekileta. Si jambo geni. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inawataka wafanyabiashara wa vyuma hivyo kuwa na leseni. Na mnamo Januari 2022, umeme ulipokatika karibu nchi nzima na lawama kuelekezwa kwa uharibifu wa minara, serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa. Waweza kuipinga marufuku ile kwa kuwa iliwaumiza na wasiohusika, lakini mantiki yake ni ile ile: huwezi kuweka mlinzi kwenye kila mnara, lazima uulize chuma kinauzwa wapi. Vivyo hivyo hatuwezi kuweka bawabu kwa kila kiti cha baiskeli, hasa ikiwa bawabu mwenyewe ndiye anayeibiwa.

Walimu wenzangu tuna nafasi ya pekee katika jambo hili. Shule yenye wanafunzi au walimu wanaokuja kwa baiskeli yaweza kutenga kibanda karibu na ofisi, wala si nyuma ya vyoo, ikafungua daftari la nambari za fremu na alama za viti. Wanafunzi wenyewe walitunze. Watajifunza hesabu, maandishi na uaminifu katika kurasa hizo hizo. Na katika somo la Kiswahili, waulizwe waandike insha isiyoruhusu kitenzi "potea" wala "pata" pale palipotendeka wizi. Wataona jinsi ilivyo vigumu, na watajua ni kwa nini.

Nanyi wanafunzi, mnaojua bei ya kila kitu mtaani kutushinda sisi, msidanganywe na neno "nafuu". Kitu kinachouzwa kwa bei isiyoelezeka kina mtu mahali fulani anayemalizia kulipa bei yake. Mimi nilibahatika kumwona mtu huyo kwa macho. Wengi wenu hamtamwona.

Tangu siku ile nilinunua kiti kipya, kwa risiti, na kukichonga herufi zangu. Ilinilazimu kusubiri mwisho wa mwezi, na wiki hizo nilitembea kwa miguu. Asubuhi moja nilipita kwenye lile lango, yule mzee akaniona nikija nikitembea, akatabasamu.

"Mwalimu," aliniambia, "sasa unajua ni mbali kiasi gani."

Nilimwambia kwamba najua. Kisha nikamwuliza jambo ambalo ningelipaswa kumwuliza tangu mwanzo: je, zile pesa alizokatwa alirudishiwa? Alitikisa kichwa. Hakuna daftari lililoziandika.